Rudisha Leo

Masomo: Nehemia 5:1–19, Kumbukumbu la Torati 24:6, 10–13, 2 Wafalme 4:1–7

 

Leo tunaongea juu ya pesa. Najua kuna mtu ameshaanza kushika mfuko akidhani ni mahubiri ya sadaka. Tulia, ndugu yangu. Leo hakuna kapu linalopita. Leo ni siku ya kutoa hesabu, na wa kwanza kuitoa ni mimi mchungaji wenu.

Fungua nami Nehemia sura ya tano.

1. Kilio kilitoka ndani ya ukuta

Mnakumbuka tulipoishia. Nehemia anajenga ukuta wa Yerusalemu. Nje kuna Sanbalati na Tobia, wanatisha na kudhihaki. Watu wanajenga kwa mkono mmoja na mwingine umeshika silaha. Sisi wa Garissa hatuhitaji kufundishwa maisha ya namna hiyo. Tunaabudu na mlinzi yuko mlangoni.

Lakini sura ya tano inapoanza, kilio kinachosikika hakimhusu Sanbalati. Hakuna aliyelia kwamba adui amevunja ukuta. Ni watu na wake zao wanalia juu ya ndugu zao Wayahudi. Shida imetoka ndani.

Wanalia kwa makundi. Kundi la kwanza wanasema, sisi na watoto wetu ni wengi, tupate nafaka tuishi. Kundi la pili wanasema, tumeweka rehani mashamba na nyumba zetu kwa sababu ya njaa. Kundi la tatu wanasema, tumekopa pesa ili tulipe kodi ya mfalme. Halafu wote wanasema jambo moja lenye uchungu: sisi na hawa wanaotudai ni damu moja, watoto wetu ni kama watoto wao, na bado watoto wetu wanachukuliwa watumwa, wala hatuna uwezo wa kuwakomboa, kwa maana mashamba yako mikononi mwa wengine.

Njaa, kodi, mkopo. Mwambie jirani yako, "Hii habari naijua."

Unaijua kwa sababu umeiishi. Kuanzia mwisho wa 2020, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha katika kaunti hizi zetu. Septemba 2021 serikali ikatangaza ukame kuwa janga la taifa. Tuliona mizoga ya ng'ombe kando ya barabara. Mfugaji aliyekuwa akija soko la mifugo na ng'ombe ishirini akaja na wawili, wamebaki mifupa, na bei yake haifiki hata ya gunia la mahindi. Kisha mwisho wa 2023 mvua ikaja kwa hasira, Mto Tana ukafurika, na barabara ya Nairobi ikakatika upande wa Madogo na Mororo. Aliyekopa wakati wa jua akilini akiwa na mpango wa kulipa mvua ikija, mvua ikamkuta na kubomoa mpango.

Mfugaji ameanguka, mwenye duka anaanguka naye. Mwenye duka akianguka, muuza chai naye yuko chini. Sisi wageni tuliokuja hapa kwa kazi na biashara tunakula kwa mkono wa mwenyeji. Shida yake ni yetu.

2. Serikali ilisikia kilio

Sasa sitaki tuwe Wakristo wa kulaumu serikali tu. Biblia inasema Nehemia alikuwa liwali. Alikuwa serikali! Na Mungu alitumia ofisi yake. Kwa hivyo acheni niseme kwa haki serikali yetu imefanya nini, maana wengi tunakopa bila kujua sheria imesema nini.

Mwaka 2015 na 2016 benki tatu zilianguka Kenya, moja baada ya nyingine: Dubai Bank Agosti 2015, Imperial Bank Oktoba, na Chase Bank Aprili 2016. Watu waliamka asubuhi wakakuta milango imefungwa. Wakati huo, benki ikifa, bima ya serikali ilimlinda mwenye akiba hadi shilingi 100,000 tu. Kuanzia Julai 2020 kiwango hicho kikapandishwa hadi 500,000. Hayo ni mageuzi mema. Yanamlinda mjane aliyeweka pesa za mazishi.

Agosti 2016 rais akatia saini sheria ya kuzuia riba: benki isitoze zaidi ya asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Wananchi tulishangilia, mimi mmoja wao. Lakini mnakumbuka kilichofuata? Benki zikaona ni afadhali ziikopeshe serikali kuliko kumkopesha mama wa mboga. Mlango ulioandikwa "riba nafuu" ukawa mlango uliofungwa. Novemba 2019 ukomo huo ukaondolewa. Wapendwa, mtu mwenye moyo mgumu ukimkataza kupita mlangoni, atatafuta dirisha.

Na mwananchi aliyefungiwa benki naye alitafuta dirisha. Dirisha lake lilikuwa simu. M-Shwari ilikuwa imeanza 2012, ada yake asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Nyuma yake zikaja programu za mikopo nyingi mno, nyingine hata hujui mwenyewe ni nani wala anakaa wapi. Unabonyeza mara tatu, pesa imeingia. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Siku ya kulipa ikipita, simu inapigwa kwa bosi wako, kwa mama mkwe wako, kwa mchungaji wako. Na jina lako linaandikwa CRB, wakati mwingine kwa deni ambalo halifiki bei ya kilo ya nyama.

Hapo tena serikali ikasikia. Aprili 2020, wakati wa korona, Benki Kuu ikawazuia wakopeshaji wasiosimamiwa wasipeleke tena majina ya watu CRB, na deni lisilofika shilingi 1,000 lisiandikwe. Desemba 2021 ikapitishwa sheria ya kuwaweka wakopeshaji wa simu chini ya Benki Kuu. Machi 2022 zikatoka kanuni zake: hakuna kutisha, hakuna matusi, hakuna kupigia simu watu walio kwenye orodha ya mkopaji ili kumwaibisha. Kufikia Septemba mwaka huo, maombi ya leseni yalikuwa 288, na waliopewa walikuwa 10. Novemba 2022 ukaja mpango wa kurekebisha madeni ya simu ya benki: ulipe nusu kwa miezi sita, nusu isamehewe. Uliwagusa watu zaidi ya milioni nne. Na tarehe 30 mwezi huo huo ikazinduliwa Hustler Fund, kuanzia shilingi 500, riba asilimia 8 kwa mwaka.

Si Kenya peke yake. Benki ya Lehman Brothers ilipoanguka Marekani mwaka 2008, dunia nzima ilitikisika, na 2010 wakapitisha sheria kubwa ya kusimamia mabenki. Ni desturi ya serikali zote: shida, kilio, sheria.

Sheria ni njema. Lakini kalamu ya sheria ni nzito, na sisi tunaijua hapa. Aprili 2015, baada ya watoto wetu 142 kuuawa Chuo Kikuu cha Garissa pamoja na waliokufa wakiwalinda, serikali ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma pesa. Ilikuwa inatafuta pesa za wauaji. Lakini bibi wa Bulla Iftin aliyekuwa akitumiwa pesa ya chakula na mwanawe aliye ughaibuni naye alifungiwa, mpaka zilipofunguliwa Juni. Sheria inaweza kumfunga mkono mtu mbaya na kumgusa mwema aliyesimama karibu naye. Na iko kazi moja ambayo sheria haiwezi kabisa: haiwezi kuingia kwenye chama cha kanisa ikauliza mnatozana ngapi.

Halleluya? Mmenyamaza. Tuendelee.

3. Mageuzi ya Nehemia yalianzia nyumbani kwake

Tazama Nehemia alifanya nini. Aya ya sita, alikasirika sana. Aya ya saba, kabla ya kusema na mtu mwingine, alifanya shauri na moyo wake mwenyewe. Kisha akawagombeza wakuu na mashehe, akaitisha mkutano mkubwa. Hakuunda kamati ya kutoa ripoti baada ya miezi sita.

Sasa angalia aya ya kumi, maana wengi tunairuka. Nehemia anakiri kwamba hata yeye, na ndugu zake, na watumishi wake, wanawakopesha watu pesa na nafaka. Liwali mwenyewe ni mdai! Hakusema "ninyi acheni." Alisema tuache. Alijihesabu ndani.

Aya ya kumi na moja, akawaambia warudishe leo. Si mwakani. Mashamba, mizabibu, nyumba, na ile sehemu ya mia ya pesa na nafaka waliyokuwa wakitoza. Wafasiri wengi wanaielewa sehemu hiyo ya mia kuwa ni ya kila mwezi. Piga hesabu: moja kwa mia kila mwezi ni asilimia 12 kwa mwaka. Hiyo ndiyo riba iliyomfanya mtu wa Mungu akakasirika mpaka akaitisha mkutano mkubwa.

Sasa nikuulize, na ujibu moyoni. Chama chako kinatoza ngapi? Kumi kwa mia. Kwa mwaka? Hapana, kwa mwezi. Hiyo ni asilimia 120 kwa mwaka. Serikali, ambayo tunaiita ya dunia, inamkopesha mnyonge kwa asilimia 8 kwa mwaka. Kanisa, ambalo tunaliita la mbinguni, linamkopesha dada yake kwa 120.

4. Friji

Wapendwa, hapa sisemi juu ya kanisa la mtu mwingine. Nimeomba ruhusa ya dada yetu nisimulie habari hii, naye alikubali, akasema nisitaje jina tu.

Dada huyu alikuwa akiuza juisi na maji baridi. Mnajua jua la Garissa, maji baridi hapa ni biashara. Alikuwa na friji moja, aliyoinunua kwa jasho lake. Oktoba 2023 alikopa shilingi 20,000 kutoka chama chetu cha hapa kanisani, chama ambacho mimi ndiye mwenyekiti wake. Alitaka aongeze bidhaa. Mzigo wake ukatoka Nairobi, na mafuriko yakaukuta njiani. Lori likakaa ng'ambo siku nyingi. Sukari ikalowa, paketi za juisi zikaharibika.

Chama hakikuuliza habari ya mafuriko. Kila mwezi alitakiwa kuleta riba 2,000. Alileta. Alileta miezi saba, 14,000, na faini za kuchelewa 1,500 juu yake. Jumla 15,500, na kwenye daftari letu deni lilikuwa bado ni 20,000 vile vile. Hakuna hata shilingi moja iliyokuwa imeshuka.

Alikuwa anaitoa wapi? Baadaye ndipo nilijua. Alikuwa akikopa kwa simu ili alipe chama, halafu anakopa kwa programu nyingine ili alipe ile ya kwanza. Msimcheke. Kenya yetu imefanya hivyo hivyo: Februari 2024 nchi ilikopa dola bilioni 1.5, riba zaidi ya asilimia 9, ili ipate kulipa deni la dola bilioni 2 lililokuwa linaiva Juni. Na Juni hiyo hiyo vijana wakajaa barabarani kwa sababu ya kodi. Nehemia tano, aya ya nne.

Siku moja nikapata ujumbe kwenye simu yangu kutoka kwa mkopeshaji mmoja wa simu: mwambie fulani alipe deni lake, amekuweka kama mtu wa karibu. Nilikasirika! Jumapili iliyofuata nilisimama hapa hapa, nikasema hawa watu wanavunja sheria, wanaaibisha watu, wana roho ya unyang'anyi. Mlisema amina kwa sauti.

Wiki mbili baadaye, mwezi Juni, chama kilikaa. Tukaamua dada alete dhamana. Tukatuma watu wawili. Waliingia ndani ya nyumba yake, wakabeba friji, watoto wakiangalia. Barua iliyowatuma ilikuwa na saini yangu.

Friji ikaletwa kwenye chumba kile kidogo nyuma ya madhabahu, ingoje mnunuzi. Na kwa kuwa ilikuwa hapo, tukaiwasha. Wapendwa, kwa Jumapili kadhaa mimi nilikuwa natoka kwenye friji hiyo na chupa ya maji baridi, nakunywa, halafu nakuja hapa kuwahubiria. Dada hakuwa akija tena kanisani. Nilimtaja kwenye maombi kama "waliorudi nyuma."

Mungu alitumia nani kuniamsha? Hakuwa mzee wa kanisa. Alikuwa jirani yetu Muislamu mwenye duka, tunapochukua sukari ya chai ya kanisa. Nilikwenda kulipa, akaniuliza, "Pasta, yule mama wa juisi yuko wapi siku hizi?" Nikadhani anamdai, nikajibu kwa haraka, "Anadaiwa na wewe pia?" Akafungua daftari akanionyesha. Ni kweli, sukari, tangu barabara ilipokatika. Halafu akalifunga. Akasema, "Mimi sitafuti deni, Pasta. Deni liko kwa kitabu, halina riba, halitaoza. Namtafuta yeye. Nilisikia mtoto wake ni mgonjwa."

Mtoto wake alikuwa mgonjwa na mimi sikujua.

Nilirudi, nikaingia kwenye kile chumba kwa sababu nilikuwa na kiu. Nikashika mlango wa friji. Sikuweza kuufungua. Ni kama Nehemia, nilifanya shauri na moyo wangu, na moyo wangu ndio ulionihukumu.

Usiku huo nilisoma Kumbukumbu la Torati 24. Aya ya sita inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa maana ni kuchukua uhai wa mtu. Jiwe la kusagia ni kile kitu ambacho mtu anakitumia kupata unga wa leo. Kwa dada yetu, jiwe la kusagia lilikuwa friji. Aya ya kumi na kumi na moja zinasema unapomkopesha jirani usiingie nyumbani mwake kuchukua rehani, simama nje, yeye mwenyewe akuletee. Mungu anajali hata mlango wa mdaiwa! Yaani mtu anaweza kuwa na deni na bado akawa na heshima ya nyumba yake. Benki Kuu ilisema hivyo mwaka 2022. Musa alikuwa ameshasema. Na mimi, mwenye Biblia, nilisaini barua.

5. Gharama ya kurudisha

Alhamisi nilikiita chama. Nikasema nilichosema leo. Haikuwa rahisi, nisiwadanganye. Ndugu mmoja, mtu mwaminifu, alisema, "Mchungaji, huruma ni nzuri, lakini unatoa huruma kwa pesa za watu. Mimi nimeweka akiba yangu hapa mwaka mzima nikitegemea faida ya Desemba. Karo ya watoto wangu italipwa na nani?"

Ni swali la kweli. Pesa ya chama si ya mbinguni, ni ya washirika. Lakini hata wale wakuu wa Yerusalemu walikuwa na karo zao. Nehemia hakuwaambia kurudisha hakuna gharama. Alichofanya ni kuanza kubeba gharama yeye mwenyewe. Miaka 12 hakula chakula cha liwali, kilichokuwa haki yake, kwa sababu watu walikuwa wamelemewa. Na mezani pake walikuwa wanakula watu 150. Mageuzi ambayo mkubwa hapungukiwi na kitu ni maneno matupu.

Kwa hivyo nilisema faida yangu ya Desemba isihesabiwe. Baada ya maombi na maneno mengi, tukakubaliana hivi. Yote aliyolipa dada, 15,500, yahesabiwe ni deni lenyewe. Amebakisha 4,500. Nilitaka tuzifute hizo pia, na yeye mwenyewe akakataa. Akaniambia, "Mchungaji, dawa ya deni ni kulipa. Nitalipa. Nataka tu kulipa kitu kinachopungua." Dada mmoja wa chama hakukubaliana nasi, akaomba hisa zake atoke. Tulimpa zote bila ugomvi, na bado ni dada yetu.

Friji tuliibeba kwa mkokoteni, mimi na wale wale wawili walioileta. Tulisimama nje ya mlango, tukabisha, tukangoja. Alipotoka sikuwa na hubiri. Nilisema, "Dada, nisamehe." Akanyamaza kidogo, kisha akasema tuingize ndani, jua ni kali.

6. Neno kwa anayedaiwa

Kuna mtu anafurahi, anasema asante Yesu, sasa silipi. Hapana, mpendwa. Soma 2 Wafalme 4. Mjane wa nabii alidaiwa, mdai alikuwa anakuja kuchukua wana wake wawili. Mungu alifanya muujiza wa mafuta. Na baada ya muujiza Elisha akamwambia nini? Auze mafuta, alipe deni lake kwanza, ndipo aishi kwa kinachobaki na wanawe. Muujiza ulikwenda kulipa deni. Haukwenda kununua simu mpya.

Angalia pia yule mjane hakujificha. Alimlilia mtu wa Mungu mapema, kabla wana hawajachukuliwa. Wewe unayekopa hapa kulipa pale, sema mapema. Nenda kwa anayekudai kabla hajaja kwako. Soma masharti kabla ya kubonyeza. Uliza kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Akikutisha au akiwapigia watu wako, jua sheria iko upande wako, na una haki ya kulalamika. Usikope kwa ajili ya kuonekana. Na usimdhamini mtu kwa sababu uliona haya kukataa.

Hitimisho

Aya ya kumi na mbili, wale wakuu wakasema tutarudisha. Nehemia hakuishia hapo, akawaita makuhani, akawaapisha. Akakung'uta mkunjo wa vazi lake, kwamba Mungu amkung'ute hivyo kila asiyetimiza. Na mkutano wote wakasema amina. Amina yao ilifuatwa na matendo, ndiyo maana tunaisoma mpaka leo.

Kanisa, sheria ya Nairobi tuiombee, tuwaombee Bunge, Benki Kuu na Hazina wawe na hofu ya Mungu. Tuwaambie ukweli wanapokosea. Lakini Jumapili ijayo kila chama kilicho chini ya paa hili kilete daftari lake kwa wazee. Tutaangalia mambo matatu: riba yetu isizidi ile ambayo serikali inamtoza mnyonge kwa Hustler Fund, kila malipo yapunguze deni, na hakuna mtu atakayechukuliwa chombo anachopatia chakula. Na kama nyumbani kwako kuna jiko, cherehani ama baiskeli ya mtu unayemdai, usingoje Jumapili ijayo.

Jumapili hii dada yetu alikuwepo, amekaa nyuma na mwanawe ambaye sasa amepona. Baada ya ibada alituuzia maji baridi pale mlangoni. Nilinunua chupa moja. Nililipa.

Tuombe

Baba, tusamehe sisi tunaodai na sisi tunaodaiwa. Tumepigia kelele dhambi ya wakubwa na kunywa jasho la wadogo. Tupe moyo wa Nehemia, wa kukasirika na kujihesabu ndani. Bariki nchi hii, bariki Garissa, Wajir na Mandera, mfugaji na mfanyabiashara, mwenyeji na mgeni, Mkristo na Muislamu. Lete mvua kwa kiasi. Fungua barabara. Utupe leo riziki yetu, na mikono ya kurudisha. Katika jina la Yesu, amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Katika Nehemia 5:10, kwa nini ni muhimu kwamba liwali alijitaja na yeye?
2. "Jiwe la kusagia" la mtu unayemdai ni kitu gani? Liko wapi sasa?
3. Ndugu wa chama aliuliza karo itatoka wapi. Ungemjibu nini bila kumdharau?
4. Taja mtu mmoja aliyeacha kuja ibadani kwa sababu ya deni. Nani atakwenda kumtembelea wiki hii, na ataenda kutafuta deni ama kumtafuta yeye?